Na Mgonjwa Atakaa Wapi?



Mwaka jana shirika letu lilinipa kazi ya kuchagua kinga ya kuwatembelea wagonjwa. Njia zetu za Kabare mnazijua: mawe kwenye miteremko na, wakati wa mvua, udongo unaoshika magurudumu. Feza zilikuwa zimepatikana polepole, kwa michango ya Jumapili na maharage ya shamba letu la pamoja.

Huko Kadutu fundi alinionyesha mbili. Ya kwanza ilikuwa na amortisere mbele na nyuma. Sehemu ya nyuma ya fremu yake iliungwa na ile ya mbele kwa bawaba, hata gurudumu likipanda jiwe huinuka lenyewe, na mpandaji hatikiswi sana. Ya pili ilikuwa na amortisere mbele tu; nyuma fremu ilikuwa ngumu, kitu kimoja.

Niliijaribu ya kwanza, nikafurahi. Nimepita miaka hamsini, na mgongo huniuma kila jioni. Moyoni nilikwisha kuichagua, tena nikajipa sababu ya kitakatifu: mjumbe asiyechoka atawafikia wagonjwa wengi zaidi.

Fundi hakunificha kitu. Bawaba zile huingia matope na kulegea, na vipuri vyake ni vigumu kupatikana. Tena, mtu akikanyaga pedali kwa nguvu kwenye mpando, sehemu ya nguvu hiyo hupotea katika kubonyea kwa springi. Nilisikia, lakini sikugeuka. Ndipo mama mzee anayetunza feza zetu, aliyekuja pamoja nami, akauliza neno moja: «Na mgonjwa atakaa wapi?»

Nikatazama tena. Kwenye ile ya kwanza hapakuwa na mahali pa kufunga kibebeo. Nyuma yote ilichezacheza juu ya springi. Kwenye ile ya pili kibebeo cha chuma kingeshikwa na fremu yenyewe. Niliona haya. Nilikuwa nimepima kinga ya wagonjwa kwa mgongo wangu peke yake.

Katika Injili ya Luka, sura ya 10, yule Msamaria hakuishia kufunga majeraha. Alimpandisha mtu yule juu ya mnyama wake mwenyewe. Nimesikia somo hilo tangu utoto, na sikuwa nimefikiri kwamba, ili mwingine apande, huenda yeye alishuka akatembea kwa miguu mpaka nyumba ya wageni.

Tulinunua ya pili. Katika majira ya mvua nilimbeba mtoto mwenye homa kali mpaka kituo cha afya, mama yake akimshika kwa nyuma. Kwenye mpando nilishuka nikasukuma. Mtoto alipona. Mgongo wangu uliniuma siku tatu.

Sisemi kwamba starehe ni zambi. Anayeshuka milima kwa mashindano ana haki ya kutaka amortisere ya nyuma, kwa maana hambebi mtu. Lakini sisi walei tumejitoa kubeba. Basi tunapopanga siku zetu, nyumba zetu na feza zetu, tujiulize swali la yule mama kabla ya kulipa. Bwana atujalie kuacha mahali pa mwenzetu, na moyo wa kushuka tukifika kwenye mpando.