Kompyuta ya Nyumbani, Sehemu ya 4: Folda Inaposema Huna Ruhusa

Nimetoka zamu ya usiku, nimelala kidogo, sasa tuendelee. Sehemu ya 3 tuliongelea kutoa diski kwenye kompyuta iliyokufa na kuichomeka kwenye nyingine. Leo tunaongelea kinachofuata, ambacho kimefanya watu wengi wafute vitu vyao wenyewe: folda unaiona, unaibofya, inakuambia huna ruhusa.

Nianze na la muhimu. Tangazo hilo halisemi kwamba mafaili yamepotea. Diski mbovu ina dalili zake: inagonga-gonga, inavuta muda, inapotea na kurudi, au Windows inakuomba uifomati. Ikikuambia huna ruhusa, maana yake imesoma orodha ya wanaoruhusiwa na wewe hujaonekana humo. Mgonjwa anapumua, ni mlango tu umefungwa.

Sasa kwa nini usionekane wakati jina la akaunti ni lilelile? Manesi wenzangu mtanielewa haraka. Wodini wanaweza kulazwa watu wawili wenye jina moja mpaka la ukoo, ndiyo maana kabla ya kutoa dawa tunaangalia na namba ya faili. Windows nayo iko hivyo. Kila akaunti ina namba ndefu, kwa kompyuta zetu za nyumbani huanza na S-1-5-21, na ruhusa za folda zinaandikwa kwa namba hiyo, siyo kwa jina. Ukiweka Windows upya, akaunti mpya inapata namba mpya hata ukiipa jina lilelile. Kwa folda ya zamani, wewe ni mgeni. Fleshi nyingi hazisumbui hivi kwa sababu zimefomatiwa kwa FAT32 au exFAT, ambazo haziandiki ruhusa za aina hii. Diski ya Windows hutumia NTFS, na NTFS inaandika.

Kwetu hili lilitukuta baada ya baba kufariki. Kompyuta yake iligoma kuwaka, na humo kulikuwa na picha za miaka mingi, sauti alizojirekodi akisimulia habari za ukoo, na nakala ya mkataba wa shamba ambao karatasi yake ililowa mvua ikaharibika. Mdogo wangu aliipeleka kwa fundi mtaani. Fundi akaona tangazo, akashauri diski ifomatiwe angalau itumike tena. Mdogo wangu akanipigia: "Dada, anasema hapa hakuna kitu." Nikamwambia aichukue aje nayo nyumbani, isifanyiwe chochote.

Hivi ndivyo tulivyofanya. Fuata taratibu.

1. Ingia kwa akaunti ya msimamizi wa kompyuta, yaani yenye "Administrator". Akaunti ya kawaida haitafika mbali.

2. Bofya folda. Tangazo likiwa na kitufe cha "Continue", kibonyeze usubiri. Mara nyingi yanaishia hapo. Folda kubwa inaweza kuchukua dakika kadhaa, usizime.

3. Ikikataa, bofya folda kwa kitufe cha kulia cha mausi, nenda "Properties", kisha "Security", kisha "Advanced". Juu utaona neno "Owner", yaani mmiliki. Ukikuta namba ndefu badala ya jina, ndiyo ile akaunti ya zamani ambayo kompyuta hii haiijui.

4. Bonyeza "Change", andika jina la akaunti yako, bonyeza "Check Names", halafu "OK". Weka tiki kwenye "Replace owner on subcontainers and objects" ili umiliki ushuke mpaka kwenye folda za ndani. Bonyeza "OK", funga madirisha yote.

5. Hapa ndipo wengi hukwama. Kuwa mmiliki na kuruhusiwa kusoma ni vitu viwili. Mmiliki ana haki ya kubadilisha orodha, lakini bado inabidi ajiandike. Rudi "Security", bonyeza "Edit", kisha "Add", weka jina lako. Kama unataka kunakili tu, ruhusa ya kusoma inatosha.

6. Nakili kila kitu kwenye diski nyingine kwanza. Kupanga baadaye.

Tahadhari tatu. Kwanza, usiandike "Everyone" na kumpa ruhusa zote ili kumaliza kazi haraka. Kabati la dawa kali wodini lina funguo na daftari la makabidhiano, hatuliachi wazi kwa sababu nesi mmoja amechoka. Pili, usifanye haya kwenye C: nzima wala kwenye folda ya Windows yenyewe. Zile ruhusa zinalinda mfumo, ukizivuruga unaweza kuua kompyuta iliyokuwa nzima. Tatu, faili lenye alama ya kufuli, au diski inayodai ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48, ni jambo jingine. Hayo yamefichwa kwa ufunguo, na umiliki hautayafungua. Ukiwa bado na Windows ya zamani iliyoyafunga, usiifute.

Folda ya baba ilikubali kwenye hatua ya 5. Mkataba ulikuwepo, kurasa zote zinasomeka. Picha zipo. Sauti zipo.

Ila kulikuwa na folda ndogo aliyoiita Barua. Mdogo wangu alitaka tuifungue palepale. Kompyuta isingetuzuia tena, mmiliki nilikuwa mimi kwa maandishi. Nikamwita mama aone. Aliangalia kioo kwa muda, akasema, "Wanangu, hizo sauti tutazisikiliza wote siku ya Jumapili. Hilo la barua mniachie mimi." Tukamnakilia kwenye fleshi yake, tukamkabidhi mkononi, na nakala ya kwangu nikaifuta mbele yake.

Kwa hiyo ukimfungulia mtu diski ya marehemu wake, au ya mume, au ya mtoto mkubwa, jua kwamba ruhusa ya Windows unaweza kujipa ndani ya dakika kumi. Ile nyingine inaombwa kwa wenyewe.

Sehemu ya 5 ni nakala za akiba, ili siku kompyuta ikifa usilie. Usiku mwema.