Tundu la Tatu

Soketi zetu zina matundu matatu, urithi wa Waingereza. Mawili ya chini ni ya umeme, la juu ni la ethi. Pini yake ni ndefu makusudi: inatangulia kuingia na kufungua vizibo vya yale mawili. Sisi tunachomeka kifuniko cha kalamu, chaji ya pini mbili ipite, maisha yaendelee.

Kwa mama, Ngamiani, friji lilikuwa likimpiga shoti. Akazoea, akawa anavaa ndala kabla ya kulifungua. Nikaita fundi. Alipofungua soketi, waya wa ethi haukuwapo kabisa. Aliyefunga umeme alibana pesa pasipoonekana.

"Mwanangu, si taa zinawaka?" mama akaniuliza.

Zinawaka, ndiyo. Ethi haiwashi kitu. Umeme ukivuja kwenye bati la friji, unapata njia ya kwenda ardhini badala ya kupita kwa mama, na kifaa cha kinga cha miliampia 30 kinaukata papo hapo. Bila ethi, kinasubiri mtu aguse ndipo kikate. Kwa mama hata hicho hakikuwapo.

Fundi akavuta waya mpya, akachimbia rodi uani. Mama bado anavaa ndala. Anasema umeme hauaminiki, na mafundi pia.