Shangazi Alipata Nne

Wasee, mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikataa, nikashika simu nikaanza kuposti. Nilikuwa nasomea biokemia na sitawadanganya, nilikuwa nishaisahau.

Mpaka Shangazi alipotuita nyumbani. Saratani yake ya matiti ni ile ya hasi tatu, ambayo dawa za homoni haziigusi, na ilikuwa imesambaa. Mtu alikuwa amesikia kuna dawa ya kuamsha kinga ya mwili, pembrolizumab. Bei yake ilimfanya Baba ataje shamba kabla chai haijapoa. Lakini daktari alikuwa ametaka kwanza kipande cha uvimbe kipimwe protini inaitwa PD-L1. Majibu: 4. Kwa saratani kama yake, dawa hiyo huanza kufikiriwa kwenye 10.

"We si ulisomea hizi vitu?" Baba akaniuliza. "Nne ni nini?"

Nikamwambia hivi. Seli za kinga ni kama askari wa trafiki. Kuna saratani zikisimamishwa zinatoa kitu kidogo, zinapita. PD-L1 ndiyo hicho kitu kidogo, na dawa inazuia kisipokewe. Sasa maabara wanatia kile kipande rangi, wanahesabu seli zilizoishika, za saratani na za kinga, wanagawanya kwa seli hai za saratani, mara 100. Ikitoka ndogo, pengine saratani inapitia njia nyingine. Kuzuia hongo ambayo haitolewi ni kuchoma pesa.

"Kwa hivyo shamba limebaki," Baba akasema.

Nilifurahi. Halafu nikaona aibu, maana Shangazi alikuwa ameketi hapo hapo.

Usiku nikakumbuka maabara ya chuo. Sahani ya vishimo 96, unatia matone, unangoja rangi ikuonyeshe protini ni kiasi gani. Ilikuwa inaboo, manze! Kumbe watafiti hutumia njia hiyo hiyo kupima intaferoni na intaleukini kwenye damu ya wagonjwa, wajue dawa itamsaidia nani, kwa sababu PD-L1 peke yake hukosea. Kuna watu namba yao ilikuwa juu na dawa haikufanya kitu. Na wagonjwa wengi kwenye tafiti hizo si watu wa huku kwetu.

Asubuhi Shangazi akaniuliza, "Mwanangu, hiyo nne inaweza kupanda?"

Nikamwambia inaweza kutofautiana, uvimbe mmoja na mwingine. Nikambebea mfuko, tukapanda matatu kwenda kemo.