Kabla Hujabisha Hodi

Muleba, Kagera
14 Juni 2024

Mwanangu Neema,

Bibi yako anataka kujua kama mnapewa chakula cha kueleweka huko kwenye semina. Ujumbe wako niliusoma kwenye simu ya kaka yako, ila majibu yake ni marefu mno kwa simu, ndiyo maana nimekaa na kalamu.

Kwamba umechaguliwa kuwa mdadisi kwenye utafiti wa kilimo, hata vumbi la Chuo cha Takwimu pale Changanyikeni halijakutoka miguuni, kumenifurahisha sana. Mambo ya sampuli na makadirio umeyasomea, sitakufundisha. Mimi nilikuwa bibi shamba, na sensa za kilimo nilizipitia nikiwa msimamizi wa wadadisi, kwanza kule Meatu na baadaye huku nyumbani. Nililoliona kule ni hili: takwimu za kilimo hufanywa mlangoni kwa mkulima. Zikishafika Dodoma zinajumlishwa tu. Kama mlangoni palikosewa, hakuna kompyuta itakayoligundua kosa hilo, litachapishwa kwenye kitabu chenye nembo ya taifa na watu watalipangia bajeti.

Anza na kujua unamtafuta nani. Sisi tulipewa kipimo hiki: kaya ya kilimo ni ile iliyolima au yenye ardhi ya kulima isiyopungua mita za mraba 25, au iliyofuga angalau ng'ombe mmoja, au mbuzi, kondoo au nguruwe watano, au kuku, bata na bata mzinga hamsini, ndani ya mwaka wa kilimo, yaani kuanzia Oktoba mosi hadi Septemba 30. Mita 25 za mraba ni tano kwa tano, bustani ya mchicha nyuma ya jiko. Kwa hiyo mwalimu mwenye matuta yake ya mboga anaingia, na mjane mwenye mbuzi wanne asiye na ardhi anabaki nje. Nilikuwa nikiumia kumwacha mjane yule, lakini mstari lazima uchorwe mahali, na ukichorwa uheshimiwe na wote. Mdadisi mmoja akiwaonea huruma wenye mbuzi wanne na mwenzake akawaacha, wilaya zao hazitalinganishika tena.

Angalia pia kwamba kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu hati. Sensa haimtafuti mmiliki, inamtafuta anayelima na anayeamua kipandwe nini. Shamba la kukodi kwa msimu, shamba la kuazimwa kwa shemeji, shamba ambalo ndugu wanagombania barazani, yote yanahesabiwa kwa yule aliyeyalima mwaka huo. Huo ndio utaratibu wa dunia nzima tangu Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo ya Roma ilipoitisha sensa ya kwanza ya mataifa mwaka 1930, na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilipolichukua jukumu hilo kuanzia duru ya 1950. Mwambie hivyo mkulima mapema. Ukibisha hodi na kuuliza "Shamba hili ni la nani?", umeshamtia wasiwasi, na mwenye mgogoro atakudanganya ili jina lake liandikwe. Muulize: "Msimu uliopita mlilima wapi na wapi?"

Na umuulize nani? Dodoso litakutaka umpate mkuu wa kaya, na mara nyingi utakuta ni mwanamume. Kule Meatu tulikaa na mzee mmoja chini ya mti, mtu muungwana, akajibu kila swali bila kusita: pamba ekari kadhaa, mtama, mahindi. Mdadisi wangu alipofika kwenye karanga, mzee akasema hakuna. Sauti ikatoka jikoni, "Karanga zipo, ni zangu." Kumbe mkewe alikuwa na shamba lake upande wa pili wa mbuga, karanga na choroko, na mwaka ule ndilo lililolipa ada ya shule. Mzee hakudanganya. Halikuwa shamba lake, hivyo hakulitaja. Tangu siku hiyo niliwaagiza wadadisi wangu wasifunge dodoso kabla ya kuongea na mama wa nyumba, hasa kuhusu kuku, mboga, mikunde na maziwa. Mazao ya wanawake ndiyo yanayopotea kwanza kwenye takwimu za nchi hii, na yakishapotea hapo, mbegu zake hazifanyiwi utafiti na soko lake halijengwi.

Sasa vipimo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo pagumu. Nchi hii wakulima hupima ekari kwa hatua, sabini kwa sabini. Mtu mrefu mwenye hatua ya sentimita 90 atapata mita 63 kila upande, jumla mita za mraba 3,969, na ekari kamili ni 4,047. Amekaribia mno, na aliyebuni kanuni hiyo alijua alichokuwa akifanya. Lakini mpe kibarua mfupi mwenye hatua ya sentimita 75 apime ekari kwa hatua zilezile sabini. Atapata mita 52 na nusu kila upande, na ekari yake itakuwa mita za mraba 2,756, kama theluthi mbili tu ya ekari. Wote wawili wakikwambia kwa moyo safi kwamba walivuna gunia kumi kwa ekari, kwenye dodoso wataonekana sawa, ingawa mmoja ni mkulima wa kawaida na mwingine ni bingwa wa wilaya. Kama mmepewa GPS, zunguka shamba lote nayo, hata jua likiwa kali na mpaka ukipita kwenye miiba. Usikae kivulini ukaandika makadirio.

Gunia nalo lina yake. Lipo la debe sita na lipo la debe saba, na lumbesa imepanda juu zaidi ya hapo. Uliza gunia la debe ngapi, kila mara, hata wakikuona msumbufu. Uliza pia kilicholiwa kabla ya kuvunwa, maana mahindi mabichi ya kuchoma na kuchemsha hakuna anayeyakumbuka, na katika kaya yenye watoto wengi si kidogo. Muhogo ndio utakaokusumbua zaidi, kwa sababu hauvunwi siku moja. Mama anachimba mashina mawili leo na matatu Ijumaa, mwaka mzima. Usimwambie akupe jumla. Muulize kwa wiki, kisha muulize miezi ya njaa ilikuwaje.

Huku kwetu unakijua kibanja: migomba, kahawa chini yake, maharage katikati, na magimbi kule kwenye unyevu. Mdadisi mgeni akionyeshwa kibanja cha ekari moja ataandika ekari moja ya ndizi, ekari moja ya kahawa, ekari moja ya maharage, na Kagera itakuwa imeongezewa ekari mbili ambazo Mungu hakuziumba. Ardhi igawanye kwa sehemu ambayo kila zao limechukua. Na msichanganye vuli na masika. Shamba moja likilimwa mara mbili kwa mwaka ni shamba moja, ila mavuno yake ni mawili.

Nije kwenye mifugo, ambako hesabu hukutana na hofu. Sensa ya 2019/20 iliipa nchi ng'ombe milioni 33.9, mbuzi milioni 24.5, kondoo milioni 8.5 na kuku milioni 87.7. Weka hiyo pembeni ya watu milioni 61.7 wa sensa ya 2022 uone utajiri tulionao. Lakini namba hizo zilitoka vinywani mwa watu ambao wengi wao hawapendi kutaja idadi ya ng'ombe wao. Kwa wafugaji wengi kuhesabu mifugo kwa sauti ni kuitakia mabaya. Niliwahi kusimama kwenye lango la zizi jioni na kijana ambaye hakuhesabu hata mmoja. Aliwatazama wakiingia, akasema yule mtamba mwenye baka jeupe ubavuni hayupo, akageuka kwenda kumtafuta. Mtu wa namna hiyo usimuulize "Mna ng'ombe wangapi?" Uliza wanaokamuliwa sasa, uliza ndama, uliza mitamba, madume, maksai wa kulimia. Jumla utaipata mwenyewe, naye hatakuwa ameitamka.

Shikilia siku moja ya kuhesabia pia. Sensa ya 2002/03 ilihesabu mifugo kama ilivyokuwa Oktoba mosi, 2003. Aliyeuzwa mnadani siku moja kabla hayumo kwa muuzaji, na ndama aliyezaliwa siku moja baadaye naye hayumo. Bila siku moja ya kushikilia, ng'ombe mmoja atahesabiwa kwa muuzaji na kwa mnunuzi.

Hofu yenyewe haikuzuka hewani. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ya Kenya iliamua kwamba Wakamba wa Machakos wana ng'ombe wengi kuliko ardhi inavyoweza kubeba, ikaanza kuwachukua na kuwauza kwa bei ya kutupa. Maelfu ya watu walitembea kwa miguu hadi Nairobi kudai mifugo yao, wakiongozwa na Muindi Mbingu, ambaye baadaye alikamatwa na kupelekwa Lamu kuwa mbali na watu wake. Usukumani nako, kwenye mpango wa maendeleo ulioanza miaka ya mwisho ya 1940, ziliwekwa kanuni za kupunguza mifugo kwa lazima. Wajukuu wa watu hao ndio utakaowakuta. Wanajua kwamba aliyekuja kuhesabu alifuatwa na aliyekuja kuchukua. Hata sisi, kwenye sensa ile ya 2002/03, kodi ya maendeleo ilikuwa imefutwa muda mfupi tu kabla ya kupita kwetu, na wengi hawakuamini kwamba imefutwa kweli.

Siku hizi mambo yameongezeka. Kuna hereni za mifugo, kuna uandikishaji wa wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku tangu msimu wa 2022/23, kuna michango ya kijiji. Mkulima mmoja anaweza kutaja ekari nane kwenye daftari la mbolea na ekari tatu kwa mtendaji anayekusanya michango, halafu wewe unafika na kishikwambi chako naye hajui wewe ni yupi kati ya hao. Simlaumu. Ni kazi yako kumweleza tofauti, kwa Kiswahili chepesi, kabla ya swali la kwanza: kwamba daftari lile linataka jina lake ili limpe kitu, wewe unataka hali ya mashamba ya wilaya nzima, kwamba Sheria ya Takwimu ya 2015 inakukataza kutoa taarifa zake kwa yeyote, awe mtendaji, mkuu wa wilaya au jirani. Umekula kiapo. Basi mwenyekiti wa kitongoji akikusindikiza, mshukuru, kisha mwombe akusubiri barabarani. Watu hawataji mali yao mbele ya mwenyekiti.

Jambo jingine ni kaya zilizochaguliwa. Mwaka ule wa 2002/03 vijiji 3,221 vya Bara vilichaguliwa, kaya 15 kila kimoja, na Zanzibar maeneo 317, jumla kaya 53,070 zikasimama badala ya mamilioni. Ukikuta mlango umefungwa, rudi jioni, rudi kesho. Usiende kwa jirani kwa sababu yupo na amekukaribisha uji. Aliyefunga mlango labda yuko shamba la mbali, na watu wa mashamba ya mbali ndio hasa wanaokosekana tukiwafuata waliopo nyumbani tu. Na usipike takwimu. Utachoka, utabakiza madodoso machache usiku, na mwenzako atakuonyesha jinsi ya kuyajaza mkiwa gesti. Kaya moja utakayoitunga itazidishwa iwe makumi ya kaya ambazo hazipo.

Nimalizie kwa jambo la historia, kwa sababu ulisema unataka kuandika kitu cha kulinganisha sensa zote. Ya kwanza ilifanyika 1971/72. Miaka michache baadaye Operesheni Vijiji ikawahamisha mamilioni ya watu, mashamba yaliyohesabiwa yakaachwa na mengine mapya yakafyekwa, na nchi haikupata sensa nyingine hadi 1993/94 na 1994/95. Zaidi ya miaka ishirini tulipanga kilimo kwa picha ya nchi ambayo haikuwepo tena. Hilo liseme waziwazi kwenye andiko lako, maana wengi huchora mstari mnyoofu kati ya namba hizo kana kwamba hakuna kilichotokea. Na uangalie mipaka: Meatu yangu kwenye vitabu vya 2002/03 na 2007/08 imo Shinyanga, lakini kwenye 2019/20 imo Simiyu, kwa sababu mkoa huo ulianzishwa 2012 pamoja na Geita, Njombe na Katavi. Ukilinganisha Shinyanga na Shinyanga bila kujua hilo, utatangaza kwamba ng'ombe wa Wasukuma wamekufa.

Ukishajua umepangiwa wilaya gani, niandikie. Kama ni upande wa Simiyu, ninao mabwana shamba wastaafu wawili wanaoyajua majosho na malambo yote, na wakati wa kiangazi mifugo ya wahamaji utaipata huko na si vijijini. Beba kofia, na viatu vya kufunga.

Shangazi yako akupendaye,
Mama Koku