Safari ya Manyoni na Poti 636

Ukitoka Dodoma, ukishaipita Bahi na mashamba yake ya mpunga, barabara inanyooka hadi Kintinku, kisha inaanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa. Malori yanayoelekea Rwanda na Kongo yanajivuta kwa gia ndogo, na abiria wa basi wanasogelea madirisha. Anayepita mara ya kwanza, kama mimi siku ile, anaelewa kwa nini Wajerumani waliweka boma lao Kilimatinde: ukiwa juu ya ukingo huo, nchi yote ya chini iko mbele ya macho yako.

Nilitoka Dar es Salaam kwa treni ya umeme hadi Dodoma, nikaingia stendi ya Nanenane kutafuta basi la Singida. Nilishukia Manyoni, ambao ni mji wa reli. Njia iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 inapita hapa, na tawi la kwenda Singida linaanzia hapa. Mji uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hivyo jioni upepo unakuwa wa baridi kuliko nilivyotegemea. Chakula cha kwanza nilichopewa kilikuwa ugali wa uwele kwa mlenda, na ninakisifu kwa moyo wote.

Kilichonipeleka ni kazi ya ufundi wa kompyuta katika hospitali moja ya wilayani humo. Ina programu ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoandikwa kwa Java, inaendeshwa juu ya Tomcat na kufunguliwa kwenye kivinjari. Muuguzi mkuu alinipokea.

“Mbukwa, mwanangu. Karibu Ugogo.”

“Ahsante, mama. Shikamoo.”

“Marahaba. Njoo uone.” Akanionyesha orodha ya dawa zilizotolewa usiku. Kila mstari ulikuwa na jina lilelile, la wodi. Zamu nzima iliingia kwa jina moja na nywila moja. “Humu ndani wodi ndiyo inayotoa dawa,” akasema. “Mtu hayumo.”

Maneno yale yalinigusa kuliko maelezo yote niliyotumiwa kabla ya safari. Mgonjwa akipewa dozi mara mbili, nani ataulizwa? Tena tangu Mei 2023 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ikifanya kazi, na habari za afya ya mtu zimo katika zile zinazotakiwa kulindwa kwa uangalifu zaidi.

Suluhisho la tatizo hilo lilikuwapo tayari chumba cha pili. Kompyuta za utawala zilitumia Active Directory, saraka ya watumishi yenye akaunti ya kila mmoja. Saraka ni kama daftari la mjumbe wa nyumba kumi: nani anakaa wapi, nani amehama. Java huzungumza nayo kwa LDAP, itifaki iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Michigan na kuchapishwa rasmi mwaka 1993. Hata DHIS2, mfumo ambako takwimu za MTUHA, yaani taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, huingizwa, imeandikwa kwa Java na ina mistari yake ya LDAP ndani ya faili la dhis.conf.

Mimi na Afisa TEHAMA wa pale, kijana makini sana, tuliketi tukapanga. Programu inaingia kwanza kwenye saraka kwa akaunti yake yenyewe, isiyoweza kubadilisha chochote. Inatafuta jina lililoandikwa na mtumiaji, na kwa Active Directory unalitafuta katika sehemu iitwayo sAMAccountName. Ikilipata, inachukua anwani yake kamili ndani ya mti wa saraka, halafu inajaribu kuingia upya kwa anwani hiyo na nywila aliyoandika. Saraka ikikubali, mtu ameingia. Programu haihifadhi nywila ya mtu yeyote. Vikundi vya saraka ndivyo vinavyoamua nani anaona maabara na nani anaona stoo ya dawa.

Poti 389 ya LDAP hupitisha nywila wazi usipoiwekea ulinzi, kwa hiyo tulichagua 636, yenye usimbaji. Java ikagoma. Cheti cha seva kilitolewa na mamlaka ya ndani ya hospitali, ambayo Java haikuijua. Tukakiingiza kwenye hazina yake ya vyeti kwa keytool, zana inayokuja na Java. Ikagoma tena. Anwani kwenye faili la usanidi ilikuwa namba za IP, na tangu toleo 8u181 la mwaka 2018 Java inadai jina lililo kwenye cheti lifanane na jina unaloliita. Tukaandika jina kamili la seva, ikafunguka.

Kisha likaja jambo ambalo ningependa kila fundi alijaribu kabla hajaondoka. Msimbo wa zamani wa kuingia ulikuwa umeandikwa kwa mkono na fundi aliyetangulia. Tuliuunganisha na saraka, tukaandika jina sahihi, nywila tukaiacha tupu. Ukafungua. LDAP ina tabia hiyo: jina likija bila nywila, saraka inaweza kulihesabu kuwa ombi la mtu asiyejitambulisha na kujibu “sawa”, na programu isiyojua inadhani mtu amethibitishwa. Waraka wa viwango RFC 4513 wa mwaka 2006 unaonya juu ya hatari hii. Tuliuondoa msimbo ule wote tukaweka Spring Security, maktaba ya Java ambayo hukataa nywila tupu kabla haijagusa saraka.

Tulibakiza akaunti moja ya dharura ndani ya programu, kwa ajili ya siku ambayo seva ya saraka imezimika. Nywila yake ilifungwa katika bahasha kwenye sefu ya mganga mfawidhi.

Mama muuguzi alitaka kujaribu mwenyewe. Akaomba ifungwe akaunti ya muuguzi aliyehamishiwa Itigi, kisha akaomba simu ya spika ili muuguzi huyo atusomee nywila yake ya zamani. Nilimsihi asifanye hivyo. Nywila haisomwi kwa simu. Tukafungua akaunti ya majaribio, tukaifunga, akajaribu nayo. Skrini ikamkataa, na kwenye logi ikaandikwa kosa 49, data 533: akaunti imefungwa.

“Na wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo?” akauliza. “Wale wanakuja na kuondoka, hakuna anayekumbuka kuwafunga.”

Tukaweka utaratibu kwamba kila mwanafunzi akifunguliwa akaunti, tarehe ya mwisho inaandikwa siku hiyohiyo kwenye saraka, kufuatana na barua ya chuo chake.