Mtapo na Mpenzi Wake

Wapanda maua ni wengi katika miji ya pwani. Huyu hupanda asumini kwa ajili ya harufu yake ya jioni, yule hupanda waridi kwa ajili ya rangi yake, na wa tatu hupanda mkilua ili nyumba isikose kitu cha kutia katika nywele siku ya arusi. Malipo yao huja upesi. Mpanda mitapo hana malipo ya namna hiyo. Mti wake hauna ua, kivuli chake hakimtoshi mtu mmoja, mbegu zake zina sumu, na majani yake huchoma kama sindano za kushonea magunia. Kukua kwake hakuonekani kwa jicho, na kalenda ya mwaka mmoja haitoshi kukupima. Haki ya mtu kuuliza basi ni kubwa: ni kitu gani kilichompata mwanadamu hata akaupenda mti kama huu zaidi ya miaka thelathini?

Mpenzi wa mitapo anayesimuliwa hapa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Likoni, ng'ambo ya kusini ya Mombasa. Wanafunzi walimwita Mwalimu, majirani wakafuata, na mkewe naye akafuata majirani. Jina hilo linatosha.

Mtapo aliupenda tangu utoto, na aliupenda kwa njia ya njaa. Bibi yake alizoea kusimulia, na mara moja alionyesha kwa mikono yake, jinsi watu walivyopata chakula katika mti huu mvua zilipokosekana. Mbegu zilimenywa, zikakatwakatwa, zikaanikwa, kisha zikalowekwa siku nyingi, maji yakimwagwa na mengine kutiwa, mpaka sumu ilipotoka. Ndipo ziliposagwa unga. Aliyeharakisha kula alijuta. Miaka mingi baadaye Mwalimu alisoma kwamba jina la kitaalamu la ukoo wa mti ule, Encephalartos, lilitungwa mwaka 1834 na Mjerumani Lehmann kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya mkate ndani ya kichwa, kwa sababu watu wa kusini ya Afrika walifanya mkate kwa kiini cha shina lake. Alicheka peke yake. Bibi yake hakujua Kiyunani, lakini alikijua kichwa na aliujua mkate.

Mtapo wa bara ya pwani ya Kenya na Tanzania, na wa Unguja, huitwa na wataalamu Encephalartos hildebrandtii, kwa kumbukumbu ya Hildebrandt, Mjerumani mwingine aliyekusanya mimea pande hizi. Jina hilo lilitangazwa mwaka 1874. Mtu asiyeujua huudhania mnazi uliodumaa au mkindu. Siyo. Kwa nasaba mtapo u karibu zaidi na msonobari kuliko mnazi. Hauzai ua bali koni, mfano wa gunzi kubwa la mahindi lililovimba. Tena kila mti una jinsi yake: dume hutoa koni za chavua, na jike hutoa koni za mbegu. Mpaka koni itokee, na huenda ikachukua miaka kumi na tano au zaidi tangu mbegu kuota, hapana awezaye kutambua kwa kutazama kama mti ni dume au jike. Jambo hili lishikwe vizuri, maana ndilo lililomtesa Mwalimu.

Mwaka 1988 mtu mmoja alipita mtaani na mkokoteni. Juu yake palilala shina la mtapo lenye urefu wa hatua moja na nusu, nene kama mzinga wa nyuki, majani yote yamekatwa, mizizi imebaki vigutu. Mwalimu alitoa zaidi ya nusu ya mshahara wa mwezi. Mkewe hakusema neno siku ile, na hilo lilikuwa neno kubwa. Mwalimu hakuuliza shina lilikotoka. Swali lilimjia mdomoni akalimeza, kwa kuwa alilijua jibu, na jibu lingemzuia kununua.

Akalipanda mbele ya nyumba katika shimo lililojaa samadi, akalimwagilia asubuhi na jioni. Huo ndio wema wa mtu asiyejua. Mtapo ni mti wa mchanga na mawe ya matumbawe. Hustahimili kiangazi, lakini maji yaliyotuama huuozesha kuanzia chini. Mwezi wa tatu shina lilianza kutoa harufu. Mwalimu alilifukua, akakata sehemu iliyooza kwa kisu cha jikoni mpaka akafika penye nyama nyeupe, akapaka majivu, akaliegemeza ukutani mahali pakavu kwa majuma mengi kama mgonjwa. Kisha akalipanda tena katika mchanga na kokoto, akaliacha. Likakaa kimya miaka mitatu. Majirani waliuliza habari za gogo la Mwalimu kwa heshima ile ambayo watu huulizia maradhi yasiyopona.

Masika ya mwaka 1991 utosi wa gogo ulivimba, ukajaa sufi nyeupe, na kwa muda wa majuma machache majani yote yakatoka kwa mkupuo mmoja, laini kama manyoya ya kifaranga, kabla ya kuwa magumu na kuota miiba. Asiyepata kuona mtapo ukivaa majani hawezi kumwelewa mpenzi wake. Mnazi hutoa kuti moja moja, mwaka mzima. Mtapo hunyamaza mpaka mtu akate tamaa, kisha huvaa taji zima kwa mara moja. Zaidi ya hayo, pembeni ya shina palichomoza juu ya udongo mizizi midogo iliyopindana mfano wa marijani. Watoto walisema ni ugonjwa. Mwalimu alitaka kuikata, akasoma kwanza, akaiacha: ndani ya mizizi ile hukaa viumbe vidogo sana vya rangi ya kijani na samawati ambavyo hukamata naitrojeni ya hewa na kuulisha mti. Kwa hiyo mtapo huweza kuishi penye mchanga mtupu, na samadi ile yote ilikuwa bure.

Tangu hapo alisoma kila alichopata. Alijifunza kwamba katika bustani ya Kew, Uingereza, kuna mtapo wa kusini ya Afrika ulioletwa na Masson mwaka 1775, nao unaishi katika chungu hata leo. Mwaka 1819 ulitoa koni, na mzee Joseph Banks akaenda kuitazama mwaka mmoja kabla ya kufa kwake. Alijifunza kwamba mwaka 1896 Ikeno wa Japani aliona ndani ya jamaa ya mtapo wa nchi yake mbegu za kiume zenye vinyweleo, zikiogelea kulifuata yai kama za mnyama, mwaka ule ule ambapo Hirase alikwisha kuona hivyo katika mti wa ginko. Alipostaafu alisoma pia utafiti wa mwaka 2011 uliowatia adabu wapendao kusema kwamba mitapo ya leo ni ile ile iliyoliwa na dinosau. Ukoo ni mkongwe kweli, wenye umri wa zaidi ya miaka milioni 200, lakini aina nyingi zilizo hai zilitokea katika muda wa miaka kama milioni 12 iliyopita. Habari hii iliwasikitisha baadhi ya wapenzi. Mwalimu ilimfurahisha. Mti ulioacha kubadilika ni sanamu. Huu wake ulikuwa bado safarini.

Mwaka 1997 mtapo wake ulitoa koni mbili nyembamba. Ulikuwa dume. Jioni moja aliweka kiganja juu ya koni, akaikuta ina joto kuliko hewa, kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Ilikuwa kweli: koni dume za mitapo hujipasha moto na kutoa harufu, na wadudu jamii ya fukusi huvutwa nayo, hujipaka chavua, kisha huipeleka kwa koni jike. Lakini pale uani hapakuwa na fukusi hata mmoja, wala jike. Chavua ilimwagika juu ya sakafu ya baraza, njano, na mkewe akaifagia.

Mwaka uliofuata ndipo alipokwenda. Kwa kuuliza huku na huku alimpata mwenye shamba moja kusini ya Ukunda, mzee aliyekuwa na kichaka cha mawe nyuma ya minazi yake. Mzee alimwongoza bila ya maneno mengi mpaka penye mashimo manne yaliyoanza kuota nyasi. Kando ya mashimo ilisimama mitapo miwili yenye koni nene, zimefunguka, mbegu nyekundu zimetapakaa chini. Mwalimu akainama kuziokota.

"Usijisumbue, Mwalimu," mzee akasema. "Hizi siku hizi ni maganda matupu. Yavunje utazame."

Akavunja moja, akavunja ya pili, akavunja kumi. Ndani hamkuwa na kitu cha kuota.

"Madume walibebwa wote," mzee akaendelea. "Waliobaki ni wanawake wajane. Huzaa hivi hivi kila baada ya miaka, kwa mazoea."

Mwalimu hakumwambia mzee kitu siku ile. Alirudi Likoni, akakaa barazani akiutazama mti wake mpaka usiku.

Liko tukio linalofanana na hili, na wapenzi wa mitapo wote wanalijua. Mwaka 1895 Medley Wood, aliyekuwa mwangalizi wa bustani ya mimea ya Durban, aliona katika msitu wa Ngoye mtapo wa aina isiyojulikana, kichaka kimoja chenye mashina manne. Vichipukizi vilichukuliwa, mashina yakachukuliwa, mmoja ulifika Kew mwaka 1899, na shina la mwisho likaondolewa msituni mwaka 1916. Mti ule, Encephalartos woodii, ni dume. Jike lake limetafutwa tangu hapo na halikuonekana. Leo umeenea katika bustani za dunia, lakini yote ni mti mmoja uliogawanywa vipande. Wapo wasemao kwamba bustani ziliuokoa, na wasema kweli: kama ungaliachwa pale, huenda usingalikuwapo leo. Lakini hoja hii hupendwa mno na watu wenye mkokoteni. Mti wa Ngoye ulikuwa peke yake kabla ya kuchukuliwa. Mti wa Likoni haukuwa peke yake. Aliyeuweka peke yake ni mpenzi wake. Kwa ajili ya mapenzi ya namna hii ukoo wote wa Encephalartos umewekwa katika orodha ya kwanza ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na huko Afrika Kusini watu wamefikia kutia vyombo vidogo vya utambulisho ndani ya mashina kama mtu atiaye alama ng'ombe, na wezi wakavichimbua.

Kuurudisha mti kichakani ilikuwa fikira ya kwanza. Mwalimu aliikataa, kwa kuwa aliyaona mateso ya kuuhamisha mara moja, na mizizi ya miaka kumi haing'olewi bila ya kukatwa. Pengine pia hakutaka kuachana nao. Hilo halina budi kutajwa. Alichoweza kurudisha ni chavua.

Mara ya kwanza, mwaka 2001, aliikung'uta juu ya gazeti, akaikausha, akaikunja katika karatasi, akapanda matatu. Alichelewa. Koni jike hulegeza magamba yake kwa siku chache tu, na zilikwisha kufunga. Mwaka 2005 aliweka chavua ndani ya chupa yenye mchele mkavu, katika barafu la jokofu, kati ya samaki, na mkewe akaandika juu yake "Si dawa." Mwaka 2006 mzee alituma mjumbe: magamba yamelegea. Mwalimu akapuliza chavua kwa bomba la mpapai, siku tatu mfululizo, magamba yote aliyoweza kuyafikia.

Mbegu zilipoanguka alizimenya nyama ya nje akiwa amevaa mifuko ya plastiki mikononi, akazitia katika ndoo ya maji. Tupu zikaelea. Hamsini na tatu zikazama. Hata hizo haziko tayari zinapoanguka. Kijusi huendelea kukua ndani kwa miezi mingi, basi akaziweka katika mchanga mkavu nusu mwaka, ndipo akazilaza ubavu katika makopo na madebe. Nyingine zilioza, nyingine zililiwa na panya. Miche kumi na tisa ikaota, kila mmoja ukitoa mzizi mnene kwanza na jani moja baadaye sana.

Masika ya mwaka 2009 alipeleka saba kichakani. Siku hiyo alimwambia mzee habari za mkokoteni wa mwaka 1988 na mahali ulipoishia. Mzee alinyamaza kidogo, akamwambia achimbe kando ya mashimo, siyo ndani yake, kwa kuwa ndani maji hutuama.

Mzee amekwisha kufariki, na wanawe wameliacha kichaka lilivyo. Kati ya miche saba, minne i hai. Mbuzi walikula miwili na mmoja ulikauka. Hapana uliotoa koni mpaka sasa, kwa hiyo haijulikani kama kuna dume hata mmoja. Mwalimu amepita miaka themanini. Kila baada ya masika kijana wa nyumbani humpeleka, naye huzunguka minne ile akihesabu majani mapya, huongeza miiba penye ua uliobomoka, kisha hukaa juu ya jiwe kungoja matatu ya saa tisa, chupa ya chavua imefungwa katika leso mfukoni.