Kabla ya Kufungua Koki

Ndugu walimu wenzangu, naomba niwasimulie jinsi mtambo wa kupasha maji moto ulivyonifundisha jambo ambalo nilidhani nimekwisha kulijua.

Mnamo Desemba 2010 nilitoka Kampala kwenda Leeds, Uingereza, kumsaidia dada yangu kulea mtoto wake ambaye hakuwa ametimiza mwaka. Desemba ile ilikuwa ya baridi kupita zote zilizopimwa nchini humo tangu 1910. Usiku mmoja, dada akiwa zamu hospitalini, nyumba ilipoa ghafla. Rejeta za ukutani zilikuwa baridi, na bomba la maji moto likatoa maji kama ya barafu.

Yafaa nieleze kwanza mtambo wenyewe. Boila ile, iliyotundikwa ukutani jikoni, huchoma gesi na kufanya kazi mbili. Huzungusha maji moto katika rejeta ili nyumba ipate joto. Tena, mtu afunguapo bomba la maji moto, huziacha rejeta kwa muda na kuyapasha maji yale papo hapo, bila tangi. Ina geji ya kupimia shinikizo la maji. Mtambo ukiwa baridi, mshale wafaa kusimama kati ya 1 na 1.5.

Wiki iliyotangulia mshale ulikuwa umeshuka, na dada akanionyesha koki ya kuongezea maji. Basi usiku ule sikutazama kitu. Niliikimbilia koki ile ile nikaifungua. Mshale ukapanda hadi 3, na vali ya usalama ikaanza kutema maji nje. Boila haikuwaka. Ndani yake mlisikika mkoromo tu, mfano wa mtu aliyesongwa na kikohozi. Nikamfunika mtoto kwa kila blanketi nililoliona, nikampigia simu jirani, mzee mzaliwa wa Unguja aliyestaafu kazi ya ufundi bomba.

Baada ya shikamoo na marahaba, mzee hakugusa kitu. Aliuliza.

"Mwanangu, mshale ulikuwa wapi kabla hujaifungua koki?"

Sikujua.

"Mkoromo huu umeanza lini?"

"Tangu mchana, mzee."

"Na paipu nyeupe iendayo nje, umeitazama?"

Sikujua hata kama ipo.

Akanieleza kwamba boila za siku hizi hupoza moshi wake kabla ya kuutoa, ili joto lisipotee bure. Mvuke uliomo katika moshi hugeuka maji, nayo hutoka nje kwa paipu ile. Paipu ikiganda, maji hurudi ndani, na mtambo hujizima kwa usalama. Mzee akabaki na mtoto, nami nikatoka na birika la maji ya uvuguvugu, kwani maji ya kuchemka huweza kuipasua paipu, nikaimwagia kona iliyoganda mpaka ikazibuka. Kisha mzee akailegeza rejeta moja kwa ufunguo mdogo, maji yakachuruzika bakulini hadi mshale ukashuka. Alipobonyeza kitufe cha kuwashia upya, moto ukawaka.

"Kifuniko cha boila usikifungue kamwe," akaniusia. "Gesi ina mafundi wake walioandikishwa kisheria."

Usiku ule, nikiwa nimempakata mtoto, nilimkumbuka mwanafunzi wangu mmoja. Kila mara aliandika "walimu zetu", nami kila mara nilimkata kwa wino mwekundu. Nilimwandikisha upya orodha ya majina ya ngeli ya M-WA mara tatu. Hakuacha, nikamhesabu kuwa mvivu.

Niliporudi Kampala nilimwita, nikamwuliza kwa mara ya kwanza kwa nini aliandika hivyo. Akajibu kwa upole, "Mwalimu, wewe mwenyewe ulituandikia ubaoni 'ndugu zetu' na 'rafiki zetu'."

Masikini, binti yule hakuwa mvivu. Alikuwa ameishika kanuni, akaipeleka mahali isipofika, nami nilikuwa nikimwongezea maji ilhali tatizo lilikuwa kwingine. Tulizungumza dakika chache tu, na kosa likakoma.

Wino mwekundu sijautupa. Lakini kabla ya kuutumia, humwita mwanafunzi nikamwuliza. Kuuliza si ujinga, walisema wahenga. Nami naongeza, hata anayeuliza akiwa mwalimu.